Sindano za shingo zilizomnyima mdogo wangu ugali kwa wiki tano

Siku ya tisa baada ya kuchomwa sindano za shingo mdogo wangu alikaa mezani kwangu hapa Ilazo, Dodoma, akashindwa kumeza ugali. Nakumbuka manake ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nimesonga ugali wa uwele na mlenda na vipande vya mbuzi, akakata tonge akalichovya akatafuna, halafu akatulia tu. Machozi yakaanza kumtoka. Akavuta glasi ya maji, maji nayo yakapita njia siyo, akakohoa mpaka mengine yakatokea puani na wanangu wakaacha kula wakawa wanamwangalia.

"Dada, kinakwama hapa," akasema, kaweka kidole kooni.

Mi nikajua mafindofindo, nikamwambia asukutue na maji ya chumvi ya uvuguvugu. Alikuwa hajanieleza kitu. Usiku saa nne akanipigia, sauti imekwaruza kama mtu aliyeshinda anapiga kelele uwanjani, akasema akilala chali hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto mpaka akishike na mikono miwili. Hapo ndo nikaogopa, nikamuuliza umekunywa nini, umekula nini, akakaa kimya, halafu akasema dada usinigombeze, nilichoma Botox ya shingo, zile sindano za kulegeza misuli ili mikunjo ipotee.

Tukaenda hospitali usiku uleule. Daktari wa zamu kijana tu lakini makini sana, swali lake la kwanza lilikuwa kama amekula chakula cha kopo kilichoharibika, manake dalili zile zinafanana na sumu ya chakula inayoitwa botulizimu. Mdogo wangu alipomwambia habari ya sindano daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba ni sumu ileile, inatengenezwa na bakteria yuleyule, tofauti ni kipimo na mahali inapowekwa, na kwamba kwake imesambaa imefika kwenye misuli ya kumezea. Wakamlaza wakawa wanaangalia upumuaji wake, asubuhi wakasema anapumua vizuri, atakula vitu laini, atakula amekaa wima kidevu kimeinamishwa kidogo, na itabidi asubiri dawa iishe nguvu yenyewe. Hakuna sindano ya kuifuta ikishashika kwenye mishipa ya fahamu. Wiki tano. Wiki tano uji, mtori, mlenda mtupu, parachichi la kuponda. Mtu wa soprano kwenye kwaya alikuwa anakaa benchi la nyuma na mtandio shingoni.

Naandika hii kwa sababu tangu nimwambie shoga mmoja kazini kule Mtumba nimepata wanawake kama saba wananifuata pembeni, mmoja kafuta hadi machozi, wengine wamechoma, wengine wameweka oda. Sikujua ni wengi kiasi hiki Dodoma. Na karibu wote wanazungumzia shingo na kifua, siyo uso. Nadhani naelewa, uso tunautunza, tunaupaka, tunaupiga picha, halafu siku ya send-off unavaa gauni lililokatwa kifuani na picha zikija unakuta uso wa miaka arobaini umekaa juu ya shingo ya miaka sitini, inauma, na mtu asikwambie ni ujinga kuumia kwa hilo. Mdogo wangu ana miaka 46 na ndicho kilichompata, picha za send-off ya binti yetu.

Sasa alichokuwa anakiona kwenye picha alikuwa anakiita mishipa. Kamba mbili zinashuka kutoka kwenye kidevu mpaka karibu na mfupa wa mtulinga, akiongea kwa nguvu au akiimba zinasimama. Siyo mishipa. Ni msuli, unaitwa platisma, msuli mpana mwembamba kama shuka unaoanzia juu ya kifua unapita shingoni unaishia kwenye taya na pembe za mdomo. Ukiwa kijana umetulia chini ya ngozi, umri ukienda ngozi na mafuta vinapungua na kingo za lile shuka zinajitokeza. Simama mbele ya kioo ubane meno uvute mdomo chini kama unasema iii kwa nguvu, utaziona zinaruka. Kama kamba zinatokea ukifanya hivyo na zinapotea ukitulia, hilo ni suala la msuli. Kama shingo inaning'inia hata ukitulia, hilo ni suala la ngozi, na kama kuna mfuko laini chini ya kidevu hayo ni mafuta. Hayo matatu ni matatizo tofauti kabisa na hakuna sindano moja inayotibu yote, lakini yule aliyemchoma mdogo wangu alikuwa na bomba moja kwa kila mtu.

Nisieleweke vibaya. Botox siyo uchawi na siyo takataka. Madaktari wawili wa Canada, mke na mume, Jean na Alastair Carruthers, ndo waliandika mwaka 1992 kuhusu kuitumia kwenye mikunjo baada ya kugundua wagonjwa wa macho waliokuwa wanatibiwa kwa dawa hiyo wanapungukiwa na mikunjo kati ya nyusi. Mwaka 2002 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakairuhusu kwa mikunjo hiyo. Lakini kwa hizi kamba za shingo angalia ilivyochelewa, ruhusa ya FDA imetoka Oktoba 2024, miaka ishirini na mbili baadaye! Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanafanya kwa uamuzi wao wenyewe, wakilenga kamba na mstari wa taya. Kwa shingo nzima kipimo kilichoidhinishwa ni yuniti 26, 31 au 36 kutegemea kamba za mtu zilivyo kali, zinagawanywa kwenye vipointi vingi vidogo, juujuu, ndani ya kamba yenyewe. Juujuu ndo neno kubwa hapo, kwa sababu nyuma ya lile shuka jembamba kuna misuli ya kumeza na ya sauti na ya kuinua kichwa, ukizamisha sindano au ukizidisha dawa inavuja huko. Nguvu inaanza kuonekana ndani ya siku chache, inakamilika kama wiki mbili, inakaa miezi mitatu minne halafu inaisha. Ndo maana mdogo wangu alichomwa Ijumaa akashinda vizuri wiki nzima, akapost stetasi, akapongezwa, na balaa likaja baadaye.

Nilimbana anieleze ilivyokuwa, kwa sababu nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi hasa. Kuna mwanamke anakuja na SGR kutoka Dar mara moja kwa mwezi, anapangishiwa chumba cha nyuma kwenye saluni, wateja wanakusanywa kwa WhatsApp, shingo laki tatu na nusu. Mdogo wangu anasema alipoingia alikuta wenzake wawili wamekaa na pamba shingoni. Yule mwanamke akafungua pochi, pochi ya kawaida ya begani, akatoa bomba tayari limejazwa maji meupe, limefungwa na tishu. Hakuna kichupa. Hakuna kiboksi cha barafu. Akampaka spiriti akachoma, mdogo wangu alihesabu mpaka ishirini na kitu akaacha. Hakuulizwa kama ana ugonjwa wowote wa misuli, kama ananyonyesha, kama anatumia dawa gani, chochote. Akalipa kwa simu akapewa kipande cha karatasi cha ofa ya huduma itakayofuata.

Baadaye nilipoonyeshwa kichupa halisi na daktari wa ngozi ndo nilielewa uzito wa lile bomba kwenye pochi. Kile kichupa ukikishika unaweza kuapa ni kitupu! Dawa yenyewe imekaushwa, imekuwa utando mwembamba chini kabisa ya chupa, unageuza kwenye mwanga ndo unauona kama ukungu. Inakaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Inachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali mbele yako, na mtengenezaji wa Botox anasema ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Na kiasi cha maji unachoweka ndo kinaamua kila tone lina yuniti ngapi, kwa hiyo mtu akikuletea bomba limeshajaa hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia humo mna nini na kiasi gani. Huenda ilikuwa Botox. Huenda ilikuwa kitu kingine. Marekani kwenyewe Aprili 2024 serikali yao ilitoa tahadhari ya Botox bandia iliyokutwa kwenye majimbo kadhaa, watu wamelazwa wanashindwa kumeza na kupumua. Marekani! Sisi tutasalimikaje na pochi?

Nikaja kwangu mwenyewe. Mi shingo yangu haina kamba, shida yangu ni kifua, hapa kati kwenye V ya blauzi. Ngozi imekuwa kama karatasi ya kufungia nyama iliyokunjwa ikakunjuliwa, ina vijistari vya wima asubuhi nikiamka, na rangi imevurugika, kuna weusi wa bluu bluu na wekundu wekundu na mishipa midogo inaonekana. Nina miaka 52. Nilishaanza kuulizia ile sindano ya kuamsha kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, nilikuwa na hela kabisa ya bonasi ya chama chetu, kabla ya hili la mdogo wangu.

Yule daktari wa ngozi hakuanza na sindano. Aliniambia, "Mama, rudi nyumbani kaniletee kila kitu unachopaka, vyote, usifiche." Nikarudi na mfuko wa rambo. Akavipanga mezani kimoja kimoja anasoma nyuma. Kopo la tatu akalitenga pembeni, la tano akalitenga. Moja lilikuwa na klobetasoli, hiyo ni steroidi kali kabisa, na jingine halina hata jina, ni mchanganyiko niliokuwa nanunua sokoni kwa mama mmoja tangu nikiwa Dar, mnajua ninachosema, mkorogo. Nilikuwa siupaki usoni miaka mingi sa hivi, nilijisifu nimeacha, lakini shingoni na kifuani niliendelea ili rangi ifanane. Miaka kumi na minne. Akabana ngozi ya kifua changu taratibu na vidole viwili akaiachia, ikakaa imesimama kidogo kabla ya kurudi. Akaniambia hii siyo uzee tu, steroidi inakonda ngozi, inaua kolajeni ileile unayotaka kulipia sindano iiamshe, na ule weusi wa bluu unawezekana ni haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyotumika muda mrefu. Akasema kukuchoma sasa hivi ni sawa na kupiga plasta ukuta ambao bado unavuja.

Nililia pale ofisini. Siyo kwa sababu ya ngozi, nililia kwa sababu haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi vimepigwa marufuku nchi hii miaka mingi, inatangazwa kwenye redio kila siku, na mi ni mtumishi wa serikali nimesoma, na bado nilikuwa na kopo lisilo na jina kwenye dressing table.

Halafu kuna jua letu. Watu wa Dar wakija wanasema Dodoma baridi, ndiyo, jioni kuna upepo, lakini tuko mita elfu moja na mia moja hivi juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, mvua inaanza Desemba inaishia Aprili na miezi iliyobaki mawingu unayatafuta. Kuanzia Julai upepo na vumbi. Unatembea kutoka Jamatini mpaka soko la Majengo saa saba mchana na blauzi ya V, kile kifua kinapigwa jua moja kwa moja kwa sababu kimelala kama meza, uso angalau unauinamisha. Ngozi nyeusi inatukinga sana, melanini siyo mchezo, tunakunjamana miaka mingi baada ya wazungu, lakini ukishaiondoa hiyo kinga kwa mkorogo umebaki na nini?

Kitu kingine alichokiona ambacho hakuna mtu wa saluni angekiona, nina kovu hapa katikati ya kifua, la tetekuwanga ya utotoni, limevimba limekuwa gumu kama punje ya hindi na kila mwaka linakua kidogo. Keloidi. Akasema kifua ni moja ya sehemu zinazoongoza kwa keloidi, na sisi watu weusi ndo tunazipata zaidi, kwa hiyo mtu mwenye keloidi pale pale asichomwechomwe kifua bila kuwa na sababu nzito na daktari anayeijua historia yake. Sindano nyembamba haimletei kila mtu, lakini mi nimeshajijua. Laki tatu na nusu yangu ingenunua punje nyingine ishirini.

Nilimuuliza basi hizi nyingine nazozisikia, akanieleza kwa subira. Fila, yaani sindano za kujaza, za asidi ya hayaluroniki, hicho ni kitu kilichopo hata mwilini kinashika maji, kwenye shingo na kifua zinatumika zile laini sana kwa matone madogo madogo kwa sababu ngozi pale ni nyembamba na ukiweka nzito inaonekana vimba vimba. Uzuri wake kuna kimeng'enya, hayaluronidesi, kinachoweza kuiyeyusha ikikosewa, na mchomaji yeyote asiye nacho mezani usikae kwenye kiti chake, kwa sababu fila ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inakuwa nyeupe, inauma, baadaye inaota mabaka ya zambarau halafu inakufa, na usoni kuna watu wamepofuka. Kuna za madini ya kalsiamu, zilezile zinazofanana na zilizoko kwenye mfupa, wanazizimua sana na maji kwa ajili ya shingo na kifua ili ziamshe kolajeni bila kujaza, matokeo yanakuja taratibu kwa miezi, lakini hizi hazina cha kuziyeyusha. Kuna za poli-laktiki, nazo ni za kuamsha kolajeni, unachomwa awamu kadhaa zinazopishana wiki nyingi, zinaweza kuacha vinundu. Ya kuyeyusha mafuta ya kidevu FDA waliipitisha 2015, unavimba kama chura siku kadhaa, na ikigusa mshipa wa fahamu wa taya unacheka upande mmoja kwa wiki au miezi. Ile ya damu yako mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine, watu wanaiona salama kwa sababu ni damu yako, ni kweli ila vifaa je? Marekani kuna spa ya New Mexico isiyo na leseni wanawake waliambukizwa Virusi vya Ukimwi kwa huduma hiyo mwaka 2018, wataalamu wao wakaichapisha taarifa 2024.

Na dripu za glutathioni za kung'arisha hizo nazipita haraka, hazijaidhinishwa na hao FDA kwa kazi hiyo, na mi nimemaliza na habari za kung'ara.

Kuna jambo moja tu nilibishana naye, na bado nabishana. Aliniambia mistari ya mlalo ya shingo nayo watu wanaijaza sana siku hizi, wanasema inaletwa na kuinamia simu. Nikamwambia daktari, hizo ni pingili! Bibi yangu Kondoa alikuwa na pingili tatu shingoni, na msichana akizaliwa nazo alisifiwa, shingo ya pingili ilikuwa mali, kuna wanaume wameoa kwa hizo. Mtoto mchanga anazaliwa nazo kabla hajashika simu yoyote. Akacheka akasema kweli mama, hizo nyingi mtu anazaliwa nazo. Sasa binti wa miaka 27 ofisini kwetu ana pingili mbili nzuri ajabu na anadunduliza hela azifute. Nimemwambia mara mbili, nitamwambia na ya tatu.

Sa hivi nimeacha vile viwili, taratibu kama alivyonielekeza, manake steroidi ukiikata ghafla ngozi inawaka. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mateso, kifua kinawasha, kinachomeka, nikataka kurudia. Nimetupa kopo lisilo na jina kwenye shimo la choo ili nisilifuate. Napaka losheni ya jua SPF 50 kuanzia taya mpaka kwenye matiti kila asubuhi na nabeba nyingine ofisini, na mchana nikitoka najitanda mtandio. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wanatengeneza wenyewe losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, inaitwa KiliSun, nikiwaza kwamba kwao ni kinga ya saratani na mi nilikuwa nalipa hela kuivua kinga yangu, nakosa la kusema. Baada ya miezi saba ngozi imenenepa kidogo, ule wekundu umepungua, weusi wa bluu upo palepale. Daktari alishanionya huo ni wa muda mrefu na huenda usiishe.

Mdogo wangu alirudi kwenye ugali siku ya thelathini na sita, nilisonga mdogo laini akala matonge manne, tukapiga makofi. Sauti ya juu ilichelewa zaidi. Kamba zake zimerudi zote, zimesimama vilevile akiimba, na juzi kaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mi bado nazitaka ziondoke." Mwanzoni nilitaka kumfokea. Halafu nikafikiri, kwa nini asitake? Shingo ni yake, hela ni yake, dawa ipo na imeruhusiwa na wapo wanaojua kuitumia. Nikamwambia sawa, lakini mara hii tunaenda wote, kwa daktari ambaye tumeshahakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, siyo mtu mwenye cheti cha kozi ya wikiendi ukutani. Tumeandika maswali kwenye daftari lake la kwaya, ukurasa wa nyuma. Yuniti ngapi, na ngapi kila upande. Dawa imesajiliwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa? Nikishindwa kumeza usiku nakupigia wewe au nani? Na la kwanza kabisa, alilipigia mstari mara mbili, tuone kichupa kabla hakijachanganywa.

Tiketi za treni za Ijumaa tumeshakata.